Nchi Iliyokamwa: Maoni Juu ya Neno "Ukame" na Matumizi Yake Katika Uhakiki Wetu

Muhula uliopita, katika semina ya riwaya, mwenzetu mmoja alisimama kusoma kazi yake. Alipofika kwenye sehemu ya ishara akasema, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, kwamba ukame uliotajwa na mwandishi "ni ishara ya uongozi mbaya." Sote tukaandika kwenye madaftari. Hata mimi niliandika, na kusema kweli mwaka wa kwanza niliwahi kupata alama nzuri kwa sentensi hiyohiyo. Mwalimu akavua miwani. "Kabla haujawa ishara," akauliza, "ukame wenyewe ni nini?" Kimya. Mmoja akajitosa: "Ni ukosefu wa mvua, Mwalimu." Mwalimu akauliza kama basi mwezi wa nane Tabora kuna ukame, maana mvua haipo. Darasa zima likanigeukia mimi, kwa kuwa inajulikana natoka Ipuli. Nikajibu kwamba hapana, mwezi wa nane ni kiangazi tu, hakuna anayelalamika. "Haya, umeshaanza kuhakiki," akasema, na kipindi kikaisha.

Jambo hilo halikuniacha. Likizo ilipofika nilikwenda nalo nyumbani kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwenzake. Makala haya ndiyo matokeo yake. Naomba msomaji anivumilie, kwani nitaanza na kamusi, nitapita kwenye njia ya misafara, nitaingia kidogo katika riwaya zetu, na pia itabidi niseme jambo lililotokea mtaani kwetu ambalo sikulipanga.

Tuanze na maana. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka inapata kiasi cha milimita 900. Miezi inayobaki ni mikavu. Kwa hiyo ukavu peke yake si ukame. Kiangazi ni majira, yanakuja kwa zamu yake, na jina lenyewe lina mwanga ndani yake: anga, angaza, kiangazi. Ni wakati wa kuezeka nyumba, kuoa, kucheza ngoma na kufyatua matofali. Jangwa ni mahali. Njaa ni hali ya tumbo, na baadaye ni hali ya nchi. Kuna pia neno kahati, tulilopewa na Kiarabu, ambalo limelala kwenye kamusi na kwenye tenzi, na mimi Ipuli sijawahi kulisikia mdomoni mwa mtu. Ukame ni kitu kingine tena: ni mvua iliyotarajiwa ikakosa kuja, au ikaja kidogo, au ikaja na kukatika mahindi yakiwa yanabeba. Ndani ya neno hili kuna matarajio yaliyovunjika. Ndiyo maana mwezi wa nane hauna ukame, na mwezi wa kwanza unaweza kuwa nao.

Hapo sikuridhika. Maana ni moja, asili ni nyingine. Kamusi zetu hulipa neno "kame" nafasi fupi: ni sifa ya ardhi isiyo na maji wala rutuba, na ukame ni hali ya kuwa hivyo. Lakini kame limetoka wapi? Kuna kitenzi "kama", na sisemi "kama" ya kulinganisha. Nasema kukama ng'ombe, yaani kubana chuchu mpaka maziwa yatoke. Siku hizi wengi tunasema kukamua, lakini kitenzi kifupi bado kiko hai kwa wafugaji. Sasa tazama jinsi Kiswahili kinavyofanya na vitenzi vyake. Aliyetumwa ni mtume. Aliyeteuliwa ni mteule. Kilichoumbwa ni kiumbe. Aliyeshindwa ni mshinde. Irabu ile -e mwishoni huwa inamwonyesha mtendwa, si mtenda. Tukifuata mkondo huohuo, kame ni kilichokamwa. Nchi kame ni nchi iliyokamwa ikaisha. Ukame ni hali ya kuwa umekamwa.

Nilipomweleza jambo hili rafiki yangu aliyekulia Ulyankulu, ambaye babu zake walikimbilia huko kutoka Burundi mwaka 1972, alicheka. Akaniambia kwamba kwao hakuna cha kugundua. Kwa Kirundi gukama ni kukamua ng'ombe, na mto ukikauka husemwa vilevile kwamba umekama. Wataalamu wa lugha za Kibantu watatuambia kwamba huenda hivyo ni vitenzi viwili vilivyofanana sura, kimoja cha kubana na kingine cha kukauka, na kwamba ukame wetu unaweza kuwa mtoto wa hicho cha pili. Nakubali inawezekana. Hata hivyo mimi nashikilia maziwa, kwa sababu ya ile -e. Mto unaokauka wenyewe haumhitaji mtu. Nchi kame, kwa umbo lake, inamhitaji. Waingereza neno lao la ukame wamelitoa katika neno lao la "kavu", basi; hakuna mkono ndani yake. Katika neno letu kuna mkono.

Nilikwenda na utafiti huu mkubwa hadi jikoni kwa bibi. Nikamsalimu, nikamuuliza: "Bibi, ukame zamani mlikuwa mnauitaje?" Akaniangalia. "Ukame? Mume wangu, hilo ni neno la bwana shamba." Akaendelea kupepeta. Baada ya muda akasema kwamba wao walikuwa na njaa, na kila njaa ilikuwa na jina lake. Ile ya miaka ya sabini yeye anaiita mwaka wa yanga, kwa sababu walikula unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada. Nikamuuliza mwaka gani hasa. Akasema, "Mwaka wa yanga," kama vile mimi ndiye nisiyejua kuhesabu. Ni kweli, mvua za 1973 na 1974 zilikuwa mbaya sana nchini na chakula kiliagizwa kutoka nje. Lakini angalia jinsi bibi anavyolihifadhi jambo hilo: kwa chakula kilichoingia kinywani, wala si kwa mvua isiyonyesha.

Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba watu wa njia hii ya zamani, tangu Bagamoyo hadi Ujiji, walikuwa na msamiati mkubwa wa ukame bila ya kuwa na neno ukame. Chukua majina ya mahali. Msafara ukitoka pwani, baada ya Mpwapwa uliingia Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunywa kabla ya Ugogo. Ukimaliza Ugogo uliingia Mgunda Mkali, pori refu kabla ya kufika Unyamwezi. Burton alipita huko mwaka 1857 kabla ya kuingia Kazeh, yaani Tabora ya wakati ule, mwezi Novemba. Stanley naye akapita mwaka 1871. Majina haya wote wawili waliyakuta yakitumika. Mgunda ni shamba kwa lugha yetu. Marenga ni maji kwa lugha za huko. (Wapenzi wa ushairi msiniulize uhusiano wake na malenga, ni sadfa tu, ingawa ni sadfa nzuri.) Na "mkali" ni Kiswahili. Wapagazi waliunganisha lugha mbili wakapata jina, tena bila kujali upatanisho wa kisarufi, maana maji yalipaswa kuwa makali. Hawakusema ni shamba kame. Walisema ni shamba kali. Kikali ni kitu chenye meno, kitu kinachoweza kukuuma: mbwa, jua, pombe, mwalimu wa hisabati. Pori lile kwao halikuwa limepungukiwa na kitu. Lilikuwa na tabia. Na wasafiri haohao wanaeleza kwamba wakulima walikuwa wameshaanza kulifyeka na kujenga vijiji, kwa hiyo ukali ulikuwa unapungua mwaka hadi mwaka, kama mbwa anayezoea.

Kati ya mapori hayo mawili kulikuwa na hongo. Leo hongo ni rushwa, na mtu anaitoa kwa kificho. Wakati ule ilikuwa ni ada ya wazi. Watawala wa Ugogo, wenye visima na nafaka katika nchi ambako vyote viwili ni haba, walitoza misafara vitambaa na shanga ndipo wawaruhusu kupita na kunywa. Wasafiri wa Kizungu walilalamika kurasa kwa kurasa. Mtani wangu mmoja Mgogo hapa chuoni huniambia kwamba sisi Wanyamwezi tulikunywa maji ya babu zake na deni bado halijaisha. Namjibu kwamba tulilipa, tena kwa kitambaa kizuri.

Na mji wenyewe? Wazee wa Tabora husema kwamba jina la Tabora limetokana na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani. Ndugu yake ni michembe, ambayo hukatwa na kuanikwa ikiwa mibichi. Sijui kama msomaji anaona ninachokiona. Huu ni mji uliopewa jina la chakula kilichokaushwa kwa makusudi, ili siku mvua ikikataa watu wasife. Jua lilelile linaloua mahindi ndilo linalotengeneza matobolwa. Wafugaji nao wana ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani yabaki kwa ajili ya kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifufua ngitili nyingi na kupata sifa duniani, lakini neno na jambo vilikuwepo kabla ya mradi. Kwa hiyo tulikuwa na majina ya kuzuia, majina ya kupita, majina ya kula na majina ya kukumbuka. Jina la dhahania, la kulijumlisha jambo lote katika silabi tatu, hilo lilikuja na daftari la bwana shamba na kitabu cha jiografia. Bibi alisema kweli.

Nikarudi kwenye fasihi nikiwa na hasira kidogo. Niliona kwamba sisi wahakiki vijana tumechukua neno la ofisini, tumelifanya ishara, na tumesahau shamba. Katika vitabu nilivyosoma, maji yamepewa heshima yote. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein (1969) imesimama juu ya maji: maji kama dawa, kama umoja, kama neno linalomshinda aliyelitamka. Kiu nayo imepata riwaya nzima kwa jina lake, *Kiu* ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972), lakini ile ni kiu ya Unguja. Bahati ana kiu ya mapenzi, Idi ana kiu ya mali, Mwinyi ana kiu ya uzeeni, na maji ya kunywa wanayo. Said Ahmed Mohamed naye katika *Dunia Mti Mkavu* (1980) ameutaja ukavu kwenye jalada, na mti ule ni dunia yote ya wavuja jasho. Hizi ni kazi kubwa, sizipingi hata chembe. Nasema tu kwamba ukavu umo humo kama sitiari ya jambo jingine, na msomaji wa Ipuli anasubiri mpaka ukurasa wa mwisho aone mahindi yakinyauka, hayaoni.

Mahali nilipoukuta ukame ni pale nisipotegemea: katika riwaya za utasa. Ardhi kame na mwanamke tasa lugha yetu huwaweka karibu sana, pengine karibu mno kuliko inavyostahili. Katika *Kufikirika* ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1967 baada ya kifo chake, nchi ina kila kitu isipokuwa mrithi wa mfalme. Tazama kinachofuata. Waganga wa kila aina wanaitwa, kila mmoja na maelezo yake, mali inatumika, na hatimaye kafara ya binadamu inatajwa. Katika *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*, ambayo Aniceti Kitereza aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, ndoa inakosa mtoto na mara moja maneno ya ndugu yanamwelekea Bugonoka, mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua. Kitereza hana haraka. Anatuacha tukae katika kila pombe, kila safari ya kwenda ukweni, kila jani la mganga. Lakini utaratibu ni uleule wa Shaaban Robert: kinachotarajiwa kimekosekana, kwa hiyo lazima awepo mtu. Hakuna anayekubali kwamba jambo limekosekana tu.

Nilipofika hapo kalamu ilinikwama, kwa sababu nilikumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelizunguka tangu mwanzo.

Nilikuwa darasa la sita. Mvua zilianza vizuri, watu wakapanda, halafu zikakatika. Wiki ya kwanza watu walisema mvua imechelewa. Wiki ya tatu wakasema mvua imegoma, na bado ilikuwa ni utani. Mvua inayogoma ni kama mfanyakazi, inaweza kurudi kazini. Halafu siku moja kwenye foleni ya maji nikasikia kitenzi kingine: mvua imefungwa. Sarufi ilikuwa imebadilika, ingawa mimi wakati ule sikujua sarufi ni nini. Mvua haikuwa mtenda tena. Ilikuwa mtendwa, na aliyefunga hakutajwa, lakini vichwa viligeuka upande mmoja. Kule upande wa pili wa korongo alikaa kikongwe mmoja, mjane, macho yake mekundu kwa miaka ya moshi wa kuni. Nyumba yake ilikuwa na mpapai uliokuwa bado wa kijani kwa sababu aliumwagilia maji ya kuoshea vyombo. Mpapai ule ukawa ushahidi. Sisi watoto tuliokuwa tukimchotea maji tukakatazwa. Usiku mmoja mawe yalipigwa juu ya bati lake. Nitasema ukweli: nililijua jiwe moja lilitoka mkononi mwa nani, na sikusema, na mkono huo haukuwa mbali na wangu.

Mikoa ya Kanda ya Ziwa na Tabora imejulikana kwa miaka mingi kwa mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Kwa hiyo mawe ya kwanza si mchezo, kila mtu anajua mawe ya pili ni nini. Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano chini ya mwembe, akaja na bwana shamba. Watu walisema waliyosema. Bwana shamba, mtu mfupi mwenye sauti ndogo, akasimama na hapo ndipo mimi nililisikia neno hili kwa mara ya kwanza nikiwa nalielewa. "Huu ni ukame," akasema. "Uko hapa, uko Nzega, uko Igunga, uko mpaka Dodoma. Huyo bibi ana mikono mirefu kiasi gani?" Watu wengine wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichoumaliza mkutano. Sisemi kwamba waliamini. Lakini ni vigumu kwenda kumpiga mtu mawe kwa sababu ya kitu kilichopo mpaka Dodoma.

Sasa unaona mahali ninapokwama, msomaji. Nilikwenda nyumbani kulidharau neno la bwana shamba, neno lisilo na shamba wala chakula ndani yake, neno la dhahania. Na kumbe udhahania wake ndio uliomwokoa mtu. "Mvua imefungwa" ni lugha nzuri kuliko "ukame" kwa kila kipimo tunachofundishwa katika kozi ya mtindo: ina picha, ina tendo, ina fumbo. Mimi mwenyewe ningeisifu katika shairi. Lakini nimeona inakoelekea. Ukame ni neno baridi, na kuna siku mtaani baridi ndiyo inayotakiwa.

Kikongwe yule alikufa miaka kadhaa baadaye, nyumbani kwake, kwa uzee. Siku ya mazishi mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi kaburi likaingia maji. Watu walewale wakasema mvua ile ni baraka.

Zamani, wanatuambia wanahistoria, mvua ilikuwa na mtu wake rasmi. Mtemi alihusishwa na rutuba ya nchi yote, na waganga wa mvua walifanya kazi chini yake. Mvua ikikosa, swali lilipanda juu, kwa mwenye ng'ombe na ngoma. Serikali ilifuta utemi mwaka 1963, na sina nia ya kuulilia, kwani nao ulikuwa na mawe yake. Ila swali halikufutwa pamoja na kiti. Liliteremka. Likaenda likatafuta mtu asiye na mtoto wa kumtetea.

Na hapa neno lenyewe linanirudisha nyuma, kwa ile -e yake. Nikisema ukame hauna mtenda nimemwokoa kikongwe, sawa. Lakini je, nimemwokoa na nani mwingine? Mtani wangu Mgogo alinieleza juu ya Mtunya, njaa iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920 na kuua watu wanaokadiriwa kuwa 30,000. Mvua ni kweli zilikosekana. Lakini kabla yake, katika vita ile ya Wazungu, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalikuwa yamepita njia hiihii ya misafara yakichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Nchi ilikuwa imeshakamwa kabla jua halijaanza kazi. Anayeandika kwamba Ugogo ulipatwa na ukame anasema kweli. Anayekumbuka umbo la neno anasema kweli zaidi. Wagogo wenyewe hawakuliita jambo lile ukame, walilipa jina lake peke yake, na kwa kulipa jina wamelizuia lisichanganywe na mwaka wowote mwingine wa jua.

Sihitaji kwenda hadi 1917. Toka Ipuli uelekee Urambo, Kaliua au Sikonge, uone mabani ya kukaushia tumbaku, na uone magogo ya miombo yaliyopangwa kando yake. Tumbaku ndiyo iliyosomesha wengi wetu, mimi nikiwemo kwa upande wa mjomba, kwa hiyo siandiki kama malaika. Naandika kama mtu aliyekunywa maziwa hayo. Mjini kwetu mambo yamekuwa nafuu, kwani maji ya Ziwa Viktoria yalifika Tabora kwa bomba mwanzoni mwa miaka ya 2020, na hatutegemei tena mabwawa ya Igombe na Kazima peke yake. Bibi ana bomba uani. Bado anajaza madumu kila jioni na kuyapanga ukutani, na ukimuuliza kwa nini, anakuuliza na wewe kwa nini unavaa mkanda.

Jambo la mwisho, dogo. Watangazaji wa mpira siku hizi wanasema "ukame wa mabao". Mshambuliaji akikaa mechi sita bila kufunga, ana ukame. Walimu wengine wa lugha hulikasirikia tamko hili, wakisema limeigwa kutoka redio za Uingereza, na nadhani ni kweli limeigwa. Mimi limenifurahisha kwa sababu linathibitisha jambo la mwezi wa nane: hakuna anayesema golikipa ana ukame wa mabao. Ukame ni wa yule anayetarajiwa. Watangazaji wameelewa maana ya neno kuliko sisi tuliokuwa kwenye ile semina, na wamelielewa bila kamusi.

Katika uhakiki wetu, basi, naomba jambo moja la kazi, la kuanzia. Tukikutana na ukame ndani ya riwaya au tamthilia, kabla ya kukimbilia uongozi mbaya, tuangalie kwanza wahusika wanauitaje. Wanasema mvua imechelewa, imegoma, imefungwa? Nani anabadilisha kitenzi, na katika ukurasa upi? Nimejaribu kufanya hivyo na *Kufikirika*, nikihesabu kila mahali ambapo ukosefu wa mtoto unasemwa kwa kutendwa na kila mahali unaposemwa kwa kutenda, na kazi hiyo haijaisha. Mwenzangu wa semina, ambaye sentensi yake ndiyo iliyonianzisha, amesoma rasimu hii na ameahidi kunijibu katika toleo lijalo. Anasema kitenzi kimoja kidogo nimekikamua mpaka kimetoa damu.